Nani anaisemea Juba? Kazi ya kampuni za mahusiano ya umma katika taifa changa

Ijumaa jioni, tarehe 8 Julai 2016, waandishi wa habari walikuwa wamekusanyika katika jumba la rais mjini Juba, lile ambalo wenyeji hulitaja kwa herufi na tarakimu tu: J1. Walikuwa wameitwa kuwasikiliza Rais Salva Kiir na Makamu wake wa Kwanza, Riek Machar, kufuatia ufyatulianaji risasi wa usiku uliotangulia katika eneo la Gudele, ambako wanajeshi watano wa serikali waliuawa kwenye kizuizi cha barabarani. Risasi zikaanza kulia nje ya ukuta wa jumba hilo. Viongozi waliokuwa wamekuja kuutuliza mji walijikuta mbele ya vipaza sauti wakiwaambia waandishi kwamba wao pia hawajui kinachoendelea nje, na kuwasihi wananchi wawe watulivu.

Wakati huohuo msemaji wa Machar, James Gatdet Dak, ambaye hakuwamo ndani ya jumba hilo, aliandika kwenye Facebook kwamba lilikuwapo jaribio la kumkamata kiongozi wake. Machar hakuwa amekamatwa. Alikuwa pamoja na Kiir. Lakini maneno hayo yalikwisha kuenea upesi kuliko mtu yeyote aliyekuwamo ndani angeweza kuyakanusha. Serikali iliyataja baadaye kuwa ndiyo cheche iliyowasha moto. Nani hasa alifyatua risasi ya kwanza ni jambo ambalo pande hizo mbili hazijawahi kukubaliana. Katika siku zilizofuata mamia ya watu waliuawa mjini Juba, na Machar akatoroka kwa miguu hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mwezi Novemba mwaka huo Kenya ilimrejesha Gatdet Dak Juba kwa nguvu. Februari 2018 alihukumiwa kifo, na Novemba 2018 akaachiliwa huru kwa amri ya rais baada ya makubaliano mapya ya amani.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu kinahusu kazi ambayo wengi wetu huidhania kuwa ya suti, tabasamu na mabango ya kupigia picha. Kazi hiyo ni kusema kwa niaba ya mwingine. Wasikilizaji wetu kadhaa wametuuliza kampuni za mahusiano ya umma na zile zinazofundisha watu namna ya kuzungumza na vyombo vya habari hufanya nini hasa, nani huzilipa, na zina nafasi gani katika nchi kama Sudan Kusini. Maelezo yafuatayo yanajaribu kujibu.

Wanauza nini?

Bidhaa ya kampuni hizi ni ya aina nyingi, lakini mzizi wake ni mmoja: mteja ana jambo analotaka watu walijue, au walisahau, naye hana imani kwamba akilisema mwenyewe litapokewa anavyotaka. Kampuni humwandikia taarifa kwa vyombo vya habari. Humtafutia mhariri atakayechapisha makala yenye jina lake. Humpangia mikutano na wabunge wa nchi za nje, kazi ambayo kwa kawaida huitwa ushawishi. Akipatwa na kashfa, huitwa usiku wa manane ili imshauri aseme nini asubuhi.

Sehemu ya mafunzo ndiyo iliyo wazi zaidi kueleweka. Mkufunzi humkalisha waziri, mkurugenzi wa shirika au askofu mbele ya kamera, akamrushia maswali makali kama atakayoulizwa na mtangazaji asiye na huruma, kisha akairudisha video ili mwanafunzi ajitazame. Wengi huona haya. Hugundua kwamba wanakunja uso wanapodhani wanatabasamu, au kwamba wamezungumza dakika nne bila kujibu swali. Baada ya hapo hufundishwa mambo machache yasiyobadilika sana kutoka nchi moja hadi nyingine: chagua hoja tatu na uzirudie, usikisie jambo usilolijua, usirudie neno la shutuma uliyotupiwa hata kama unalikana, kwa sababu ndilo litakalokatwa na kurushwa hewani, na unapoulizwa usilotaka kulijibu, jenga daraja kutoka kwenye swali hilo hadi kwenye hoja yako.

Ufundi huo wa daraja ni mzuri darasani. Katika redio ya Juba, ambako msikilizaji amepiga simu kuuliza kwa nini barabara ya kwao haipitiki au kwa nini mshahara haujaingia, husikika kama kukwepa, na mtu aliyekwepa swali la mshahara hukumbukwa.

Asili ya kazi yenyewe ni ya Kimarekani, na historia yake ina pande mbili. Mwaka 1906, treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilipotumbukia majini karibu na Atlantic City na kuua watu zaidi ya hamsini, mshauri wake Ivy Lee aliishawishi kampuni isifiche ajali bali itoe taarifa iliyoandikwa na kuwapeleka waandishi kwenye eneo la tukio. Taarifa ile huhesabiwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake. Huo ndio upande ambao walimu wa taaluma hii hupenda kuusimulia. Upande wa pili ni kwamba Ivy Lee huyohuyo, mwaka 1934, alihojiwa na kamati ya Bunge la Marekani kuhusu ushauri alioutoa kwa kampuni kubwa ya kemikali ya Ujerumani wakati Wanazi wamekwisha kushika madaraka. Miaka minne baadaye Marekani ilitunga sheria inayomlazimu yeyote anayelipwa na serikali ya kigeni kufanya siasa au propaganda nchini humo ajiandikishe, aweke mkataba wake wazi na kutaja malipo. Sheria hiyo ya 1938 ingali ikitumika, na kwa watu wa Juba imekuwa na manufaa ambayo waliyoitunga hawakuyawazia.

Makala yenye majina mawili

Tarehe 7 Juni 2016, mwezi mmoja kabla ya risasi za J1, gazeti la New York Times lilichapisha makala ya maoni iliyotiwa sahihi na Salva Kiir na Riek Machar kwa pamoja. Kwa wasomaji wa Marekani lilikuwa jambo la kutia moyo: mahasimu wawili, ambao vita vyao vilivyoanza Desemba 2013 viliifukuza sehemu kubwa ya wananchi makwao, sasa wanaandika kwa kalamu moja. Hoja yao ilikuwa kwamba Sudan Kusini inahitaji kuambizana ukweli na kupatana, wala si kesi mahakamani, na kwamba Marekani na Uingereza zifikirie upya kuunga mkono mahakama ya kuwashtaki waliotenda uhalifu wa kivita.

Haukupita muda, upande wa Machar ukasema hakuandika makala hiyo wala hakuikubali. Gazeti lililazimika kuongeza maelezo ya wahariri: ridhaa ya Machar ilikuwa imetolewa kwa niaba yake na wawakilishi wa Kiir, na gazeti lilipaswa kupata uthibitisho kutoka kwa Machar mwenyewe.

Makala hiyo iliandikwa kwa Kiingereza safi, katika gazeti ambalo halisomwi Malakal wala Bentiu, ikiwaambia watu wa Washington na London kile ambacho wananchi wa Sudan Kusini wanadaiwa kukitaka. Waliopoteza jamaa zao, ambao ndio wangenufaika au kupunjwa na mahakama hiyo, hawakuwa ndio walioandikiwa. Mtaalamu mzuri wa mahusiano ya umma angekuwa wa kwanza kuikataa kazi ya namna hiyo. Kanuni ya kwanza katika kazi yake ni kwamba mtu asisikie habari zake mwenyewe kutoka kwa mgeni.

Dola milioni 3.7

Serikali ya Juba haikuanza kununua huduma hizi mwaka huo. Kampuni ya Podesta Group ya Washington, iliyokuwa miongoni mwa zenye majina makubwa katika kazi ya ushawishi, iliingia katika orodha ya walioajiriwa na Sudan Kusini mapema katika vita. Lakini mkataba uliozua kelele ulikuwa ule wa tarehe 2 Aprili 2019 na kampuni iitwayo Gainful Solutions, ambayo mmoja wa wahusika wake wakuu alikuwa Michael Ranneberger, balozi wa zamani wa Marekani nchini Kenya. Thamani yake ilikuwa dola milioni 3.7 kwa miaka miwili.

Kazi zilizoorodheshwa zilikuwa za kawaida kwa mikataba ya aina hii: kuboresha uhusiano na utawala wa Rais Donald Trump, kuvutia wawekezaji wa Kimarekani katika mafuta na maliasili nyingine, kuondoa vikwazo vilivyopo na kuzuia vipya. Kipengele kimoja hakikuwa cha kawaida. Kampuni ilitakiwa kuchelewesha, na hatimaye kuzuia kabisa, kuundwa kwa Mahakama Mseto.

Mahakama hiyo, ya majaji wa Sudan Kusini na wa nchi nyingine za Afrika chini ya Umoja wa Afrika, ilikuwa imeandikwa katika sura ya tano ya makubaliano ya amani ya Septemba 2018, ambayo serikali yenyewe iliyatia sahihi. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa imeahidi jambo Addis Ababa na kulipia livunjwe Washington, miezi saba baadaye. Haya hayakufichuliwa na jasusi wala mtumishi aliyeiba nyaraka. Yalikuwa yamewekwa kwenye daftari la umma la Wizara ya Sheria ya Marekani, kama ile sheria ya 1938 inavyoamuru, na waandishi waliosoma daftari hilo wakaripoti. Mashirika ya haki za binadamu yalikuja juu, mkataba ukavunjwa, na mwezi Mei ukaandikwa mwingine usioitaja mahakama. Mahakama yenyewe haijafungua milango yake.

Tukumbuke hali ya Juba wakati huo. Walimu, wauguzi na askari walikuwa wakikaa miezi bila mishahara. Na katika mwezi huohuo wa Aprili, tarehe 11, Papa Francis aliwaalika Kiir, Machar na viongozi wenzao Vatican, akapiga magoti na kuwabusu miguu akiwaomba wadumishe amani. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Sijui kampuni ambayo ingeweza kuwauzia viongozi wa nchi yoyote picha kama hiyo, au kuwaeleza nini cha kufanya nayo waliporudi nyumbani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ningependa kuikubali methali hiyo moja kwa moja, lakini haitoshi hapa. Sudan Kusini ina mema mengi ambayo hayajawahi kujiuza kwa sababu hakuna kamera iliyokwenda kuyatazama. Julai 2024 timu yake ya mpira wa kikapu ya wanaume, iliyojengwa kwa juhudi na fedha za Luol Deng na yenye vijana kadhaa waliokulia hapa Australia, iliifanya Marekani ihangaike hadi sekunde za mwisho jijini London, ikashindwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Siku chache baadaye, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris, ulipigwa kwa makosa wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wao. Wachezaji walisimama, mikono kifuani, wakangoja hadi wimbo sahihi ukapigwa, kisha wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Jioni hizo mbili ziliifanyia Juba kazi ambayo mkataba wa 2019 haukuifanya.

Afrika, kwa upande mwingine, imekwisha kuona namna kibaya kinavyotembezwa. Kampuni ya Bell Pottinger ya London iliajiriwa na biashara za familia ya Gupta nchini Afrika Kusini na kuendesha kampeni iliyochochea chuki za rangi ili kuwakinga wateja wake na shutuma. Septemba 2017 chama cha wenye taaluma nchini Uingereza kiliifukuza uanachama, na katika mwezi huohuo kampuni ikaporomoka. Ni miongoni mwa nyakati chache ambapo aliyeandika maneno, si aliyeyalipia tu, alidaiwa hesabu.

Darasa la Juba ni tofauti

Hadi hapa tumezungumzia maneno yanayouzwa nje. Ndani ya Juba, mafunzo ya kuzungumza na vyombo vya habari yana sura nyingine kabisa. Mara nyingi huendeshwa na mashirika ya waandishi wenyewe, kama vile Shirika la Maendeleo ya Vyombo vya Habari Sudan Kusini, AMDISS, au na mashirika ya kimataifa, katika ukumbi wa hoteli, jenereta ikinguruma nje. Wanaofunzwa ni maafisa habari wa wizara, viongozi wa vyama vya wanawake, wasemaji wa makanisa na vijana wa mashirika ya misaada.

Jambo la kwanza wanalolikabili ni lugha. Lugha rasmi ni Kiingereza, lakini mji unazungumza Kiarabu cha Juba, na ukitoka nje ya mji utakutana na Kidinka, Kinuer, Kibari, Kishilluk, Kizande na nyingine nyingi. Redio ndiyo hufika. Eye Radio hutangaza kwa lugha kadhaa za nchi. Radio Miraya ya Umoja wa Mataifa, ambayo jina lake maana yake ni kioo, iko hewani tangu 2006. Radio Bakhita ya Kanisa Katoliki ina wasikilizaji wake waaminifu. Taarifa iliyoandikwa Kiingereza asubuhi hutafsiriwa na watangazaji watano tofauti kabla ya jua kutua, kila mmoja kwa haraka yake, na neno lililokusudiwa kuwa onyo laweza kufika kijijini likiwa tishio. Kwa hiyo mkufunzi anayeifahamu Juba humfundisha msemaji aandike sentensi fupi zinazotafsirika, kisha aketi na watafsiri kabla ya kuzitoa. Hili halimo katika vitabu vya Washington. Hata Kiswahili chetu kina nafasi yake: waliorudi kutoka kambi za Kakuma na shule za Nairobi na Kampala wanakizungumza, wafanyabiashara wa sokoni Konyo Konyo wanakielewa, na tangu nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, serikali imesema inataka kifundishwe shuleni.

Jambo la pili ni hatari. Kwingineko msemaji akikosea hupoteza kazi. Toby Lanzer, aliyekuwa mratibu wa misaada ya kibinadamu wa Umoja wa Mataifa, alifukuzwa nchini mwaka 2015 baada ya kusema hadharani kwamba uchumi wa nchi unaelekea pabaya, na msemaji wa rais alieleza wazi kwamba kauli hizo ndizo zilizowaudhi. Agosti mwaka huohuo Rais Kiir aliwaonya waandishi hadharani kwamba uhuru wa habari si ruhusa ya kufanya kazi dhidi ya nchi, kwa maneno yaliyosikika kama tishio la kuuawa. Siku chache baadaye mwandishi Peter Moi alipigwa risasi na kufa usiku mjini Juba. Hakuna ushahidi uliotolewa unaoyaunganisha mambo hayo mawili, na ofisi ya rais ilisema maneno yake yalieleweka vibaya. Lakini maelezo ya baadaye hayakuweza kuwafikia wote waliokwisha kuyasikia maneno ya kwanza.

Yupo pia afisa wa usalama anayelisoma gazeti kabla halijachapishwa. Juba Monitor, gazeti lililoanzishwa na marehemu Alfred Taban, limewahi kufika mikononi mwa wasomaji likiwa na nafasi tupu pale palipokuwa na makala. Mtu anayemfundisha mteja wake jinsi ya kupata nafasi gazetini katika mazingira hayo anatakiwa pia amwambie kwamba huenda atakayelipa gharama ya maneno yake ni mhariri.

Na kuna suala la bahasha. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mwandishi anayehudhuria mkutano hupewa fedha zinazoitwa nauli. Wapo wanaoitetea desturi hii kwa kusema mishahara ni midogo mno, na ni kweli kwamba ni midogo. Hata hivyo kampuni inayompangia mteja mkutano na waandishi kisha ikagawa bahasha mlangoni imemuuzia mteja habari ambayo hakuna atakayeiamini, kwa kuwa wote waliokuwamo ukumbini wanajua ilivyopatikana.

Neno la tangazo lililogeuka silaha

Mfano mmoja unaonyesha jinsi lugha ya biashara ya matangazo inavyoweza kumponyoka mwenyewe. Kampuni ya simu ya MTN ilijitangaza kwa kaulimbiu iliyosema kwamba ipo kila uendako. Katika miaka ya vita jina la kampuni hiyo likageuzwa mitaani na mitandaoni kuwa fumbo la kuwadhihaki Wadinka, kwamba nao wamejaa kila mahali. Watafiti waliokusanya maneno ya chuki ya Sudan Kusini waliliorodhesha pamoja na matusi ya zamani zaidi. Kampuni haikuwa na kosa. Aliyetunga kaulimbiu ile hakuwa na njia ya kujua.

Aprili 2014 mambo yalikuwa mabaya zaidi kule Bentiu, ambako Umoja wa Mataifa ulisema kituo cha redio cha mji huo kilitumiwa kuwataka watu wa makabila fulani waondoke na kuchochea vitendo vya kulipiza kisasi, wakati mji ukitekwa na mamia ya raia wakiuawa. Yeyote anayefundisha mawasiliano nchini Sudan Kusini anafundisha katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, na darasa lake haliwezi kuishia kwenye namna ya kukaa mbele ya kamera.

Kinyume chake, yapo mambo madogo yanayokuzwa kwa kushughulikiwa vibaya. Desemba 2022, katika sherehe ya kuzindua barabara, Rais Kiir, aliyekuwa na umri wa miaka 71, alionekana kwenye video akipatwa na jambo la mwili ambalo linaweza kumpata mzee yeyote. Video hiyo ilisambaa. Sentensi moja ya heshima kutoka ofisi yake, au hata ukimya, ingetosha. Badala yake, Januari 2023, wafanyakazi sita wa shirika la utangazaji la taifa, SSBC, walikamatwa wakishukiwa kuhusika na kuvuja kwa picha hizo, na wakaachiliwa kidogo kidogo katika wiki zilizofuata. Watu ambao hawakuwa wamesikia habari ya video hiyo wakaisikia kwa sababu ya kukamatwa huko, katika magazeti ya nchi ambazo haziandiki habari za Juba mara moja kwa mwaka. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza katika taaluma hii angeweza kulitabiri.

Nasi huku?

Wasikilizaji wetu wenye asili ya Sudan Kusini wanaoishi Australia wameyaonja haya kwa upande wa pili. Januari 2018, magazeti na wanasiasa walipozungumzia magenge ya Waafrika jijini Melbourne, na Peter Dutton, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akasema watu wanaogopa kwenda mikahawani usiku, jamii nzima ilijikuta ikitakiwa kujibu bila kuwa na msemaji, kampuni wala bajeti. Baadhi waliichukua ileile alama ya reli iliyotumiwa kuwakashifu, wakaweka chini yake picha zao za mahafali, za familia mezani, za wauguzi na wanasheria kazini. Ilikuwa kazi nzuri ya mahusiano ya umma, iliyofanywa jioni baada ya kutoka kazini, na haikumaliza mjadala.

Tangu hapo vyama kadhaa vya jamii hupokea wito wa mafunzo ya kuzungumza na vyombo vya habari, mengine ya bure, mengine ya kulipia. Kabla ya kulipa, kuna maswali ya kuuliza. Je, mkufunzi amewahi kufanya kazi katika redio au gazeti, au amesoma tu? Je, mna hakika nani atakuwa msemaji, na wale wengine wamekubali? Mtoto wa mtu akikamatwa na polisi saa nane za usiku, nani atapokea simu ya mwandishi, na familia itajulishwa na nani kabla ya jina kusikika hewani? Swali hili la mwisho ndilo ambalo wakufunzi wengi hawalifikii, na ndilo ambalo mama anayesubiri nyumbani atalikumbuka.

Kuhusu nani analipwa na serikali gani, njia za kujua zipo. Daftari la Marekani liko wazi kwenye intaneti, na mkataba wa 2019 unaweza kusomwa na mtu yeyote. Australia nayo ina daftari lake la uwazi kuhusu ushawishi wa kigeni tangu Desemba 2018, chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Huko Juba, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2013 inampa mwananchi haki ya kuomba nyaraka za serikali, na ipo tume iliyoundwa kuisimamia. Mikataba ya aina tuliyoieleza, hata hivyo, wananchi wa Sudan Kusini wameisoma hadi sasa kutoka kwenye daftari la Washington.